Daftari la Safu Saba

Kabla hamjaniuliza lolote, rudisheni ile spika mliyoazima. Jumapili nilikuwa nimekaa benchi la tatu, nikasikia "Watoto wa Yesu, mko tayaaari?" mpaka meno yangu ya bandia yakacheza mdomoni, na watoto waliokuwa tayari walikuwa tisa. Tisa, kwa spika inayosikika mpaka Burundi! Na wa tisa alikuwa amelala.

Halafu mkaja kwangu. Mlikuja wanne na simu tano, mkaniamkia shikamoo huku macho yako kwenye vioo, nikaitika marahaba, nikawapa viti. Mmoja wenu mwenye fulana ya njano akaniambia mnaandaa kitabu kidogo cha Juma la Watoto na mnataka humo "neno la mwalimu mstaafu". Akaongeza kwamba zamani watoto walijaa hadi madirishani, lakini sasa kila likizo wanapungua, pamoja na fulana zote, puto, juisi na michezo mliyojifunza semina. "Bibi, siri ilikuwa nini?"

Basi nimewaandikia. Kwenye kitabu chenu haitaingia, ni ndefu na haina picha, lakini isomeni hivyo hivyo.

Tuanze na hayo madirisha. Najua mlikoyatoa. Mmeyasoma kwenye ripoti za zamani zilizomo kabatini ofisini kule Ngara, na mkageuza karatasi mkaona sahihi yangu. Ile ripoti niliiandika kambini, miaka ya wakimbizi, na Juma la Watoto lile lilifanyika chini ya turubai. Turubai halina madirisha. Hamkujiuliza, na makao makuu hawakujiuliza, waliisoma kanisani watu wakapiga vigelegele.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia karibuni na nilijua kila kitu. Nilifika kambini juu ya lori la mahindi, nimevaa gauni la bluu lililopigwa pasi, daftari kwapani. Mchungaji wa wakimbizi, mtu mpole aliyesema Kiswahili cha polepole, alinipokea, akanionyesha mahali, akaniambia, "Mwalimu, anza na wimbo. Usianze na kuandika." Nikamwona mtu asiye na utaratibu. Nikaomba meza, nikafungua daftari, nikachomoa kalamu.

Kambini, mtu akikaa mezani na kalamu, kuna mgao. Hilo alilijua kila mtoto wa miaka mitatu isipokuwa mimi mwenye cheti. Mstari ukaanza kwenye meza yangu ukafika kwenye matanki ya maji. Mama mmoja alileta watoto watatu, akazunguka nyuma ya turubai, akarudi na wale wale watatu wakiwa wamebadilishana mashati. Mzee mwenye mvi aliniambia ana miaka kumi na miwili. Nikamwangalia, akaniangalia, nikaandika kumi na miwili. Siku ya pili walikuja na madebe na magunia. Walipoona natoa picha ya Nuhu na safina yake wakaondoka, taratibu, bila hata kunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Siku ya tatu walibaki watoto kama thelathini waliopenda kuimba, na hao wangekuja hata bila daftari.

Ripoti niliyoituma ilikuwa ya siku ya kwanza. Kwa ripoti hiyo nikapandishwa cheo, nikawa mratibu wa kazi ya watoto, nikaahidiwa pikipiki. Ndivyo tulivyokuwa tunapanda vyeo, na nikiwatazama ninyi mnavyopiga picha wale watoto tisa kutoka pembeni ili waonekane wengi, naona biashara bado ipo.

Msifikiri nilikuwa mjinga peke yangu. Tulipata wageni wengi miaka ile, kila mmoja na dawa yake ya kujaza watoto. Kuna waliokuja na picha za kitambaa, mitume kumi na wawili wa kubandika ubaoni, wazuri kweli, wenye ndevu. Tukawabandika nje, mlimani Ngara, mwezi wa saba. Mnaujua upepo wa mlima ule. Mitume wote waliruka kabla ya sala ya kufungua, watoto wakatimka nyuma yao wakishangilia, na Petro tulimkuta mdomoni mwa mbuzi wa mama mmoja, amebaki nusu. Mgeni wetu alilia machozi. Watoto walisema ni somo zuri kuliko yote ya mwaka ule, na walikuwa sahihi.

Sasa nije kwa mtu aliyekuwa anaijua kazi hii, nami nikamdharau.

Kabla ya kambi, nilipangwa kwanza kwenye mtaa mmoja wa kanisa upande wa Nyabusozi, Biharamulo, chini ya mwinjilisti aliyeitwa Mzee Bigirwa. Hilo si jina lake, na majina mengine yote humu nimeyabadilisha, mtaona kwa nini. Alikuwa na baiskeli isiyo na breki, koti moja, na sufuria. Sufuria ndiyo iliyokuwa idara yake ya watoto. Ilikuwa kubwa, ya kupikia harusini, imeungua tako, na wiki ya Juma la Watoto ilikaa mlangoni pa kanisa kuanzia Jumatatu asubuhi. Kila mtoto aliyeingia alitia konzi moja ya maharage, kile tu kinachoshikwa na kiganja chake. Asiye na maharage alileta kuni moja. Asiye na kuni alileta maji kwenye kidumu. Asiye na kitu alisimama mbele akaimba ubeti mmoja, na wengi waliacha maharage nyumbani makusudi ili waimbe. Ijumaa maharage yote yalipikwa, yakaliwa na wote, chakula kikaisha, wiki ikaisha.

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Ukitaka kujua watoto wamekujaje, unachungulia sufuria. Makao makuu walipomtaka ripoti aliandika mstari mmoja: "Mwaka huu sufuria imefika shingoni." Wakamwandikia barua ya kumkemea, aeleze shingo ni watoto wangapi. Akanionyesha ile barua, akacheka mpaka akakohoa. "Mwarimu," aliniambia, maana l na r kwake zilikuwa kitu kimoja, "hawa watu hawajawahi kupika."

Hakuna aliyeulizwa ni mtoto wa nani. Walikuja watoto wa Wasubi wenyeji na watoto wa Wasukuma wa bondeni. Walikuja watoto wa zile nyumba sita za mlimani ambazo wazee wao walivuka mto kutoka Rwanda wakiwa wamebebwa mgongoni, zamani sana kabla ya kambi, wakapewa pori wakalilima, na kwa umri wangu wa wakati ule niliwaona ni wenyeji kama mawe ya pale. Walikuja hata watoto wa Mzee Saidi mwenye duka, Mwislamu, watu wa asili ya pwani. Wake walikuja Ijumaa jioni kula na kusikiliza hadithi za Yusufu na Musa, na baba yao alituma chumvi kwenye kikaratasi, salamu zake kwa mwinjilisti.

Nilipotoka kambini na uratibu wangu, kichwa kimevimba, nikarudi kwenye mtaa ule kuwaonyesha kazi ya kisasa. Jambo la kwanza nililofanya ni kuondoa sufuria mlangoni. Nilisema inachafua. Mzee Bigirwa hakubishana, aliibeba kichwani akaipeleka kwake. Pale ilipokuwa sufuria nikaweka meza, na mezani nikaweka daftari.

Makao makuu walikuwa wameomba safu nne tu: namba, jina, umri, mahudhurio. Nilikaa na rula usiku na mchana nikaongeza tatu za kwangu: jina la baba, kabila, mahali alikozaliwa baba. Hakuna aliyeniagiza. Niliona daftari lenye safu saba linaonyesha mwalimu makini. Nilipiga mistari kwa wino mwekundu. Likizo ile ya mwezi wa sita nikaandika watoto tisini na wawili, na palipokuwa na mtoto asiyejua baba yake alizaliwa wapi, nilimfuata mama yake mpaka kwenye ibada nikamuuliza, naye akanijibu.

Jumanne walikuja nusu. Jumatano robo.

Cha kwanza kukoma kilikuwa chumvi ya Mzee Saidi, na sikujali. Halafu wakapotea watoto wa zile nyumba sita. Halafu na wengine wakawafuata, kwa sababu mtoto huenda wanakokwenda wenzake, jambo ambalo ninyi mnalipia semina kujifunza. Mimi nilikuwa na jibu tayari. Nilisimama madhabahuni nikawachamba akina mama. Niliwaambia wameipenda biskuti ya kambini kuliko neno la Mungu, wanawatuma watoto kubadilisha ndizi kwa unga wa njano na mafuta ya kopo wakati Yesu anasubiri kwenye dawati. Na kweli biashara hiyo ilikuwepo, kila nyumba ilikuwa na kopo la mafuta, hata mlango wa kanisa letu ulizibwa kwa makopo yaliyokunjuliwa. Akina mama walinisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Nilidhani wanaona haya.

Miezi ikapita. Ukaja ule mwisho wa mwaka ambao wakimbizi wa Rwanda waliambiwa warudi kwao. Barabara ya kwenda mpakani ilijaa watu kutwa, wamebeba magodoro na watoto, na baada yao kambi ikabaki vumbi na vigingi. Nikasema, haya, biskuti imekwisha, sasa tutaonana. Nikatangaza Juma la Watoto la likizo ya Desemba. Katika yale majina tisini na mawili, Jumatatu walikuja kumi na mmoja.

Lakini niwarudishe siku moja nyuma, Jumapili, maana hapo ndipo nilipojimaliza. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekwenda ofisi moja ya serikali kuomba kibali cha mkutano wa vijana. Karani aliliona daftari langu mezani, akalifungua, akapitisha kidole kwenye safu. "Mwalimu, una mwandiko! Sisi hapa hatuna orodha safi namna hii. Ijumaa ijayo nitapita huko kwenu, utaniazima?" Nikamwambia karibu sana. Mpaka leo sijui alilitakia nini. Huenda ilikuwa chanjo, huenda ni shule. Ila wakati ule vijijini watu walikuwa wakinong'ona kwamba wanatafutwa wakimbizi waliobaki mashambani baada ya wenzao kurudi Rwanda, na mwenye akili asingehitaji kuelezwa. Mimi Jumapili, kwenye matangazo, nilisimama kifua mbele nikaliambia kanisa zima: "Ndugu zangu, daftari letu limesifiwa mpaka ofisini. Ijumaa wanakuja kulichukua."

Hakuna aliyepiga vigelegele, nikawaona hawana shukrani.

Jumatano mchana, baada ya kuwafundisha watoto wangu kumi na mmoja nikiwa nimenuna, nikapanda mlima kwenda kumsema Mama Adela, mmoja wa wale wa nyumba sita. Binti yake Adela alikuwa mwimbaji wangu bora, na alikuwa haonekani tangu mwezi wa sita. Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba anatoa maharage mabichi kwenye maganda. Njiani nilikuwa nimepita nyumba ya jirani yake, ya mtoto niliyemwandika namba kumi na saba. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kijiti. Muhogo ulikuwa umeanikwa kwenye mwamba na hakuna anayeufukuzia kuku. Nikafikiri wamekwenda shamba.

"Karibu, Mwalimu," akasema Mama Adela, akanisogezea kigoda.

"Sikai, mama. Nimekuja kuuliza. Mmemkosea nini Mungu, au Mungu amewakosea nini, mpaka watoto hawaji? Hata ofisi inaheshimu kazi yetu, ninyi mnaidharau."

Alimaliza ganda alilolishika. "Daftari unalo hapo?"

"Ninalo."

"Nisomee mstari wangu. Mimi sikusoma."

Nikafungua. Nikasoma kwa sauti ya darasani: namba, jina la mtoto, miaka tisa, jina la baba, kabila. Nikafika safu ya alikozaliwa baba, na pale palikuwa na jina la kilima cha ng'ambo ya mto, kwa wino mweusi, herufi nzuri, zimenyooka. Nikashuka mstari wa pili, nyumba ya pili, kilima kile kile. Nyumba zote sita zilikuwa ukurasa mmoja, maana waliandikishwa siku moja, na nilikuwa nimezipigia mstari kwa rula.

"Mume wangu alivuka akiwa anatambaa," Mama Adela akasema. "Hapa ndipo alipoota meno. Hapa ndipo baba yake alipozikwa. Kuna watu tuliwahi kuwaambia kwamba tumezaliwa hapa hapa, na Mungu atusamehe. Lakini wewe uliniuliza kanisani, Mwalimu. Kanisani sikudanganyi. Sote sita tulikujibu kweli kwa sababu uliuliza kanisani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Ulikuwa unatutukana kila Jumapili." Akachukua ganda jingine. "Jirani yangu hakungoja Ijumaa. Wameondoka jana alfajiri. Usiniulize wamekwenda wapi, maana utaandika."

Vijana, nimezika wazazi wote wawili, na nimezika mume. Sijawahi kujisikia mdogo kama nilivyojisikia mbele ya mkeka ule. Alipoona nalia hakunibembeleza. Aliendelea na maharage yake, na alikuwa na haki.

Nilishuka moja kwa moja mpaka kwa Mzee Bigirwa, nikamkuta anaziba pancha. Nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea anikaripie, au aniombee. Nikamwambia nikilitoa daftari nimewauza watu, na nisipolitoa nimekaidi ofisi, makao makuu watanifukuza, na kusema kwamba limepotea ni uongo, mimi mtumishi wa Mungu nitausemaje. Akapaka gundi, akapuliza, akabonyeza kiraka kwa dole gumba muda mrefu.

"Mwarimu," akasema mwishowe, "Ijumaa ni siku ya kupika. Kuni zimelowa zote kwa mvua hii. Utakuja na kitu cha kuwashia?"

Ijumaa asubuhi sufuria ilikuwa mlangoni tena. Watoto kumi na mmoja walitia konzi zao, hata kitako cha sufuria hakikufunikwa. Desemba ghala ni tupu, mnajua, konzi ya Desemba ina uzito kuliko ya mwezi wa sita. Tukapanga mawe matatu, tukapanga zile kuni mbichi, zikatoa moshi tu. Milima yetu ilikuwa imekwisha kunyolewa kwa ajili ya kambi, kuni kavu ilikuwa ya kutafuta. Nikakaa chini na gauni langu la bluu, nikafungua daftari katikati, nikaanza kuchana. Nilichana ukurasa mmoja mmoja, nikausoma wote kimya kimya kabla ya kuutia motoni, kwa sababu nilikuwa nimewaandika vibaya na niliona angalau niwasome vizuri. Ule wa nyumba sita niliutia wa kwanza. Jalada gumu ndilo lililoshika moto vizuri.

Nilipoinua macho, Adela alikuwa amesimama kando ya njia, ngumi ameifumba. Nyuma yake walikuwa wengine, watoto wa zile nyumba nne zilizobaki, na nyuma yao watoto wa bondeni niliokuwa nimewasahau. Walikuwa wametumwa na wazazi wao kuangalia. Jalada lilipoanguka majivu, Adela akaja, akafumbua kiganja juu ya sufuria, maharage mabichi aliyokuwa akiyatoa mama yake. Wakaja wote. Maharage yakapanda kidogo kidogo, hayakufika shingoni, yalifika tumboni, na kwangu yalitosha.

Karani alifika saa nane, maharage yanachemka, watoto wanaimba. Aliegesha baiskeli, akasalimia, akaniuliza, "Mwalimu, lile daftari?"

Nikainamia moto. Mzee Bigirwa akamletea kigoda.

"Riko chini ya sufuria, mkubwa. Kaa ure."

Karani akainama, akaangalia. Kona ya ukurasa mmoja ilikuwa bado haijaungua, na juu yake mstari mwekundu. Akaniangalia mimi, akawaangalia watoto, akarudi kuniangalia. Nilijua anajua. Alikaa. Alipewa sahani, akaonja, akakunja uso.

"Hayajaiva."

"Daftari ririkuwa dogo," akasema Mzee Bigirwa.

Karani alikula yote, mabichi vile vile, akanawa, akapanda baiskeli yake. Kwa ofisi yake sijui aliripoti nini. Makao makuu ndio walioniandikia: mratibu amepoteza kumbukumbu muhimu za huduma kwa uzembe. Uratibu wakampa kijana mmoja mwenye suti, na pikipiki akapewa yeye, akaibwaga mtaroni mwezi wa kwanza. Mimi nikafundisha watoto miaka yangu yote iliyobaki kwa miguu, na kwenye ripoti zangu tangu siku hiyo hamtakuta idadi. Nilijifunza kuandika kama mzee: sufuria imefika tumboni, sufuria imefika kiunoni. Mwaka mmoja imefika shingoni. Mzee Saidi alirudisha chumvi mwaka wa pili, na salamu zake.

Basi mlitaka siri. Jumapili nilimwona mmoja wenu amesimama mlangoni na simu, kila mtoto anayeingia anapigwa picha ya uso, halafu anaulizwa. Nilisogea nikasikia. Jina. Umri. Namba ya simu ya mzazi. Jina la baba. Mahali alikozaliwa baba. Nikadhani nimekosea, masikio ya kizee, nikamngoja mtoto wa pili. Mahali alikozaliwa baba. Nikauliza hiyo ya mwisho inatakiwa na nani, mkaniambia, "Hakuna anayeitaka, Bibi, tumeiongeza tu ili fomu ikamilike."

Mmejiongezea safu. Mmetoka chuoni, mna mashine mkononi inayojua mpaka hali ya hewa ya Ulaya, na mmekwenda kuanguka kwenye shimo lile lile nililolichimba mimi kwa rula. Halafu mnauliza mbona wamebaki tisa! Mmoja wenu ninyi wanne ni mtoto wa huyo ninayemwita Adela. Sisemi nani. Akafikirie kwa nini wadogo zake hawamo katika wale tisa, na asimuulize mama yake mbele za watu.

Mengine madogo, yachukueni mkitaka. Hadithi isizidi muda wa maji kuchemka. Usifundishe baada ya kula, wanalala. Mtoto ukimuuliza jina, chuchumaa kwanza. Mitume wa kitambaa wabandike ndani.

Mliniomba pia orodha ya watoto wa Juma la Watoto la miaka ile, ili muwaite jukwaani siku ya sherehe muwape vyeti. Wino uliungua, kichwa hakikuungua. Ninayo majina yote tisini na mawili, kwa mpangilio, na siwapi hata moja. Namba kumi na saba alikuwa na miaka minane. Alikaa karibu na mlango, aliimba nje ya sauti na kwa nguvu kuliko wote, na siku moja alinisahihisha ubeti wa tatu mbele ya darasa nikamwambia anyamaze. Nimemuulizia kwa watu wa kule Nyamahanga, nimemuulizia Ngara stendi kwa wapanda mabasi, nimemuulizia kwa waliorudi kutoka ng'ambo. Hakuna anayejua, au wapo wanaojua na hawataki kuniambia, kwa kuwa mimi ni yule mwalimu wa daftari.

Mwezi wa sita fungeni hizo simu, mkaazime sufuria kwa wajukuu wa Mzee Bigirwa, nitawaonyesha kwao, bado wanayo. Nitakuja na fimbo yangu. Nitatia konzi mbili, kama nilivyotia kila likizo tangu mwaka ule, yangu na ya namba kumi na saba.